Fundi na Mji wa Mkewe

Fundi hakuwahi kukaa kitini mpaka kiti kikapata joto. Ukimkuta anashona, mguu mmoja uko kwenye pedali, mwingine umekwishaelekea mlangoni. Ukimkaribisha chai ataipokea amesimama, kikombe mkononi, huku akikagua mapazia yako na kukuambia kwamba aliyeyashona alikuwa na njaa. Sisi mtu wa namna hiyo tunamwita kiguu na njia, nami nilimwita hivyo mbele yake. Akacheka. "Afadhali mimi mguu, binti," akasema. "Wengine ni mdomo na njia." Alikuwa ananisema mimi, na hakukosea.

Alikuwa Mhindi wa Tanga, Mgujarati, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga kuliko changu mimi niliyezaliwa Ngamiani, mle mle Tanga. Habari za babu zake na mwaka aliozaliwa mtawauliza wengine, mimi sikuwahi kumuuliza. Nilimkuta Sharpstown, hapa Houston, katika jengo la vyumba vya kupanga nilikohamia nilipoanza kazi ya uuguzi. Yeye alikaa chini, mimi juu. Sebule yake ilikuwa karakana: cherehani mbili, pasi iliyochoka, na vitenge vimerundikwa hadi dirishani. Wateja wake walikuwa Watanzania, Wakenya, Wakongo, na kina mama wa Kinaijeria waliokuwa wakimgombeza kwa Kiingereza naye akiwajibu kwa Kiswahili, na cha ajabu walielewana.

Kwa kuchelewesha nguo, jamani, Fundi hakuwa na mpinzani. Nguo ya Jumamosi ungeipata Jumapili watu wakitoka kanisani. Nakumbuka nesi mmoja Mkenya alikuja kuchukua gauni la harusi ya dadake. Akaliinua, akaligeuza, macho yakamtoka.

"Aki Fundi! Harusi ni kesho na hii nguo iko na mkono mmoja!"

"Mkono mmoja ndio mtindo," Fundi akasema bila kupepesa.

"Mtindo wa nani? Wewe utaniua na pressure!"

Akaushona mkono wa pili mbele yake, huku akimsimulia habari za ndovu wa hekalu mpaka yule dada akasahau hasira, akaondoka anacheka na gauni lake. Tatizo halikuwa uvivu. Alikuwa hawezi kuiacha nguo. Akiimaliza anaifumua. Kola haimridhishi, anaing'oa. Kwake kufumua ndiyo kazi, kushona ni kupumzika. Nilikuwa na gauni la Idi alilolifumua mpaka Idi ikapita, nikalivaa Idi Kubwa, na bado alinitazama begani kwa jicho baya.

Na kuhama! Mwanawe wa pekee anakaa DeSoto, kusini mwa Dallas, nyumba kubwa yenye chumba cha mzee na bafu lake. Kila baada ya miezi michache Fundi alifunga mizigo, akaniaga kwa machozi kwamba sasa anahamia kwa mwanawe moja kwa moja, nikampeleka kituo cha basi. Kabla ya wiki kwisha nasikia cherehani inalia chini ya sakafu yangu.

"Vipi tena, Fundi?"

"Dallas hakuna bahari."

"Na hapa bahari iko wapi? Mimi naona magari tu."

"Ipo. Huioni, lakini inakunyeshea."

Gari hakupenda kuendesha. Aliwahi kujaribu, akasema barabara za Houston hazimpi mtu nafasi ya kubadili nia. Basi nikawa dereva wake, hata baada ya mimi kuhamia Missouri City, pembezoni mwa Houston. Nilimpeleka mtaa wa Hillcroft kununua vitambaa na viungo, nikampeleka hekaluni, nikamngoja nje na simu yangu. Tulikuwa tukizozana njia nzima. Alikuwa hali nyama wala yai, lakini mbaazi za nazi alikuwa akizila kama mtu aliyeahidiwa kwamba kesho hakuna. Mwezi wa Ramadhani aliniletea bajia za futari, naye mwenyewe hazionji mpaka adhana ilie kwenye simu yangu. Nilimwambia, "Fundi, wewe hukufunga, kula." Akasema, "Naona aibu, harufu itakufikia."

Ndani ya gari hilo ndimo nilimoijua Dwarka.

Ni mji ulioko mwisho kabisa wa Gujarati upande wa machweo, pale mto Gomti unapoingia baharini. Wahindu wanakwenda kuhiji huko kutoka kila pembe, kwa sababu wanaamini ndiko alikotawala Krishna. Wanasema bahari iliumeza mji ule mara sita, na mara sita ukajengwa. "Mji umezama mara zote hizo, binti, na watu bado wanapaka milango rangi," alikuwa akisema, na msemo huo aliutumia kwa kila kitu: gari langu likiharibika, mpenzi akiniacha, mafuriko yakiingia barabarani kwetu. Juu ya mnara wa hekalu inapepea bendera ya wari hamsini na mbili. Inabadilishwa mara tano kila siku, kila mara ya familia nyingine, na familia hungoja zamu yake miaka na miaka. Zamu ikifika, watu wa nyumba hiyo huibeba kichwani kupita mitaani, kwa ngoma na kucheza, mpaka hekaluni. Hapo humkabidhi mtu wa ukoo wa wapandaji, naye hupanda nayo mpaka kileleni.

Haya unaweza kuyapata popote. Lakini Fundi alikuwa akinipa na yale yasiyopatikana. Ngazi za kushukia mtoni, ipi imebanduka pembeni na usiikanyage asubuhi ina utelezi. Mama muuza mashada ya mrehani wa Kihindi anayekataa kumuuzia mtu mwenye haraka. Mashua za kwenda kisiwani Bet, abiria wakiwarushia ndege punje za ufuta, na ndege wanavyowachagua watoto. Udongo wa manjano wanaojipaka kwenye paji la uso, unavyokauka na kuvuta ngozi. Nilikuwa naendesha katikati ya malori nikiwa nanusa samli ya taa za hekalu. Mimi, Mwislamu wa Ngamiani, nilijua njia za Dwarka kuliko njia za Katy, hapa jirani na Houston.

Hadithi moja tu alikuwa akiikwepa. Mke wa Krishna, Rukmini, ana hekalu lake mbali kidogo, nje ya mji. Niliisikia kwa mtu mwingine kwamba mtakatifu mmoja mwenye hasira aliwalaani, mume na mke wakatenganishwa, na nchi ile ikakosa maji matamu, ndiyo maana mahujaji wakifika hapo hutoa sadaka ya maji. Nilipomuuliza Fundi, akafungua dirisha la gari, akalifunga, akalifungua tena. "Mume mjini, mke nje ya mji," akasema. "Hadithi gani hiyo? Tazama mbele, unaendesha."

Basi siku moja tuko Hillcroft, dukani, Fundi amesimama kwenye mstari na mchele wake. Mbele yetu kuna mzee mgeni, kaja kumtembelea binti yake, na maneno ya Kigujarati yakaanza kupita baina yake na Fundi. Nikasikia "Dwarka." Uso wa yule mzee ukachangamka, akawa anauliza mambo kwa mikono, kushoto au kulia, juu au chini. Na Fundi wangu, mtu ambaye mdomo wake haujapata kukosa neno, akababaika. Akaacha mchele kwenye meza ya mwenye duka, akatoka.

Nikamkuta garini. Nikawasha gari. Tulipokwisha kuingia barabarani akasema, "Sijapata kufika."

"Wapi?"

"Dwarka. Sijafika hata mara moja."

Wallahi nusura nipite kwenye taa nyekundu. "Fundi! Miaka yote hii?"

"Si mimi. Ni yeye."

Yeye ni mkewe. Aliolewa akaletwa Tanga kutoka Dwarka akiwa msichana, na hakurudi kwao tena. Kwanza nauli, halafu mtoto, halafu Amerika, halafu maradhi. Alifariki hapa Houston kabla sijahamia jengo lile, kwa hiyo sikumwona hata kwa picha, maana Fundi hakutundika picha ukutani. Huyo bibi alikuwa na hamu ya kwao isiyotulia. Kila jioni Fundi akiwa anapinda mapindo, yeye alikuwa akikaa kando anachambua dengu na kumtembeza Dwarka, uchochoro kwa uchochoro. Maisha yote ya ndoa, chanda na pete, mmoja anashona mwingine anatembea. Na aliweka nadhiri: familia yake ipandishe bendera, na mumewe aibebe kwa kichwa chake mwenyewe.

"Kwa hiyo nenda," nikasema. Mimi ndivyo nilivyo, jambo likishaeleweka nataka liwe limefanyika jana. "Unangoja nini?"

Akafungua dirisha.

Zamu ikaja. Mwanawe alikuwa ameiomba zamani kupitia jamaa walioko huko, na sasa wamepewa siku, wakati wa baridi. Fundi akafunga karakana kwa wateja, akaanza kuishona bendera. Mwanawe akampigia simu kutoka DeSoto, nami nilikuwepo, simu iko kwenye spika. "Baba, huko wana mafundi wao wa kushona bendera. Hiyo ndiyo custom yao."

"Na mimi nani?" Fundi akafoka. "Mwashi?"

Jua na mwezi lazima viwemo kwenye bendera ile. Jua alilishona kwa siku moja. Mwezi ulimtoa jasho. Kila akiumaliza, anasema umenuna, anaufumua. Na kwa kuwa sebule haikutosha kuinyoosha bendera, akaitoa nje, kwenye maegesho. Jengo zima likasimama. Baba mmoja Mkongo akasogeza gari lake, jamaa wa Honduras wakasogeza lori lao, kina mama wakashika pindo, na sisi wengine tukasambaa katikati ili isiguse lami. Ilikuwa ndefu, ndugu zangu, mpaka upande wa pili sikumtambua aliyeishika. Upepo ukaingia chini yake. Yule Mkongo akapiga kelele, "Mon Dieu, papa, hii itatubeba sisi wote!" Fundi akawa anakimbia huku na huku, anainama, anachungulia mshono, anatukaripia tusiifinye. Sikupata kumwona na furaha kama ile.

Halafu akakwama.

Siku za safari zilipokaribia, akasema mgongo unauma. Akaahirisha. Akasema pasipoti haioni, nikaitafuta, nikaikuta ndani ya pipa la mchele. Akahamia DeSoto, akarudi. Akaanza kuufumua mwezi upya. Mwanawe akanipigia mimi, sauti imemkauka.

"Dada, wewe anakusikia. Please, ongea naye. Ticket nimeshabadilisha, sitaweza tena. Siku ile ikipita hatupati nyingine yeye akiwa hai. Mama alimwomba kitu kimoja tu."

Nikaenda Sharpstown moto unaniwaka kichwani. Nikamkuta na mkasi. Shikamoo yenyewe niliitoa kwa ukali.

"Marahaba," akasema. "Chai?"

"Sitaki chai. Fundi, kwani unaogopa ndege?"

"Ndege siogopi."

"Unaogopa nini basi? Umekaa miaka unanijaza Dwarka masikioni. Sasa unaitwa, unajificha kwenye pipa la mchele!"

Akaweka mkasi chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa akitikisa chochote, si mguu wala kidole.

"Nikifika," akasema, "nitauona mji kwa macho yangu. Macho hayana adabu, binti. Yakishaona hayasikilizi tena. Ule wake utakwenda wapi?"

"Fundi, unamnyima marehemu bendera yake kwa ajili ya picha iliyo kichwani mwako?"

"Si picha," akasema. "Ndiko anakoishi."

Nilikuwa nimekuja na maneno tele ya kumshinda. Nikakusanya vikombe vyake, nikaingia jikoni kuviosha, na huko nikalia kidogo, maji yanatiririka asinisikie. Nilimwonea huruma yeye, nikamwonea wivu yule bibi, vyote pamoja. Nani atanitunza mimi namna hiyo?

Niliporudi, bendera ilikuwa imekunjwa, imefungwa kwa shuka jeupe. Mwezi ulichungulia pembeni mwa shuka, umeshonwa nusu nusu, umenuna kuliko wakati wote.

"Hakuniambia nimkumbuke," akasema. "Aliniambia niibebe. Nipeleke uwanjani siku hiyo, usichelewe."

"Mimi na wewe, mchelewaji nani?" nikasema.

Nikampeleka. Mwanawe alikuwa akitokea Dallas, wakutane njiani. Pale uwanjani Fundi hakukubali bendera iende na mizigo. Aliing'ang'ania kifuani mpaka wakamruhusu. Alipokuwa anaondoka nilimwita, akageuka nusu tu, kama mtu anayeogopa kwamba akigeuka kabisa atarudi.

Hakurudi Sharpstown. Mwanawe alikuja akabeba cherehani kuzipeleka DeSoto, safari hii kweli. Nikangoja simu ya Fundi, kimya. Mtu aliyekuwa akinipigia kuniuliza kama ninasikia mvua inavyonyesha, leo hapigi. Wiki zikapita. Nikawa nachemka: kanisahau? Anaumwa? Siku nilipopata mapumziko nikaondoka asubuhi, nikashika njia ya kaskazini hadi DeSoto, roho juu juu.

Mjukuu wake akanifungulia. "Grandpa's out walking," akasema. "He's always walking." Nikatoka kumtafuta babu, nikamkuta kwenye kona ya mtaa, kwenye njia ya waendao kwa miguu, nyumba zote zinafanana, hakuna mtu mwingine nje. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Tukatembea. Hatua zake zilikuwa za haraka kama zamani, nikalazimika kukimbilia.

"Ilipanda?" nikauliza.

"Ilipanda." Akasimama. "Mafundi wa kule waliugeuza ule mwezi, wakatazamana. Mmoja akaniuliza umeshonwa wapi. Nikasema Houston. Akasema, basi, Krishna ameshaona mengi. Nikaibeba. Nilikuwa nacheza, binti, mimi na goti hili! Yule kijana akapanda miguu mitupu, akaifungua kule juu, upepo ukaichukua yote kwa mara moja. Watu wakapiga kelele. Nikamwambia bibi yako: tazama, ile pale."

"Alhamdulillahi."

"Ndiyo." Akaanza kutembea tena. Tukauzunguka mtaa mzima. Kisha akasema, kama mtu anayetaja maumivu kwa daktari, "Mji wake umekwenda."

Nilielewa, lakini nikamwacha aseme.

"Siku ya kwanza nilikuwa nayo yote miwili, mji wake na ule wa kweli. Siku ya pili wake ukaanza kufifia. Kisiwani sasa kuna daraja, magari yanapita tu. Uchochoro wa kwao umepanuliwa, kuna hoteli. Nikifumba macho naona hoteli. Namtafuta humo, simwoni. Nazunguka mtaa huu kutwa, labda nikitembea sana atatokea. Hatokei."

"Umejuta kwenda?"

"Nimejuta," akasema wazi wazi. "Na kesho ukiniambia nibebe tena, nitabeba."

Ni mimi niliyemfuata na maneno makali, mwanawe alinishukuru kwa hayo, na nilikuwa nimejisifu nayo kazini. Nikataka kusema pole, ikawa neno dogo mno. Nikatazama funguo za gari mkononi mwangu.

Yeye ndiye aliyesimama kwanza. Akanitazama kwa makini, hivi anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Weye hujafika kule," akasema.

"Sijafika, Fundi. Nifike na nini?"

"Na nilikuwa nikikueleza kila kitu, kama alivyonieleza yeye. Sikuongeza la kwangu."

"Kila kitu."

"Basi," akasema. "Nitembeze. Anzia mlangoni kwao, asubuhi."

Hapo hapo, mbele ya nyumba ya watu tusiowajua, nikaanza. Nikamwambia mlango ni wa buluu na komeo lake linalia. Nikamwambia ndani wanasaga mtama, na msichana wa nyumba hiyo ametoka na mtungi, nywele mbichi, amechelewa. Fundi alikuwa amefumba macho. Nikamwambia uchochoro ni mwembamba, na ng'ombe mweupe wa jirani amelala tena katikati ya njia, msichana hana pa kupita.

"Anafanyaje?" akauliza Fundi.

"Ametua mtungi," nikasema. "Amekaa kando yake, anamngoja."